Alizeti ya Ikungi Kwenye Google

Zamani mtu wa Tandika au Buguruni, jijini Dar es Salaam, aliyetaka mafuta ya alizeti ya Singida alikuwa na njia mbili tu: kuwa na ndugu Singida, au kupita Singida mwenyewe. Barabara ya kutoka Dodoma kwenda Nzega ndiyo iliyokuwa tangazo letu. Basi likisimama Ikungi, Misuna au Shelui, madumu ya mafuta yamepangwa pembeni, kuku wamefungwa miguu, vitunguu vimejaa ndoo, na abiria ananunua kupitia dirishani. Asiyepita barabara ile hakutujua. Leo mtu huyo huyo anashika simu akiwa nyumbani kwake, anaandika maneno matatu au manne, na kinachotokea kwenye ukurasa wa kwanza wa majibu ndicho kinachoamua kama pesa yake itafika Ikungi au itaishia kwa dalali wa Kariakoo.

Nimefanya kazi ya steshenari na kompyuta mjini Singida kwa muda mrefu, pale Ipembe. Kuchapa barua, kudurufu vyeti, kuwajazia wanafunzi fomu za mkopo wa chuo, kutuma maombi ya kazi, na baadaye kutengeneza tovuti ndogo ndogo za watu wenye biashara zao. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, sisi wa katikati ya nchi tuliusikia redioni. Kilichobadilisha mambo huku ni simu za bei nafuu zenye intaneti, na minara iliyosogea vijijini, hasa baada ya Halotel kuanza huduma Oktoba 2015. Ndipo wakulima na wakamuaji walipoanza kuja na swali moja: na sisi tunawezaje kuonekana?

Kazi iliyonifundisha zaidi ni ya kikundi kimoja cha wakamuaji wa alizeti wilayani Ikungi. Walikuwa na mashine yao, stoo yao, na tayari walikuwa na tovuti. Walimlipa fundi mmoja wa mjini akawatengenezea, akawakabidhi nywila kwenye karatasi, basi. Mwenyekiti wao, mzee mpole asiyependa maneno mengi, alikuja ofisini kwangu na simu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Tovuti tunayo, tena tunailipia. Lakini hata sisi wenyewe tukiitafuta hatuioni. Iko wapi?"

Niliandika kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yao bila kuacha nafasi. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuiuliza Google ina kurasa zipi za tovuti fulani. Haikuwa na hata mmoja.

Watu wengi hudhani kwamba mtu anapotafuta kitu, Google ndipo inapokwenda kuzunguka duniani kukitafuta. Sivyo. Kazi hiyo imeshafanyika kabla. Programu zake hupita kwenye kurasa mchana na usiku, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, zikisoma na kuhifadhi zilichosoma kwenye faharasa kubwa. Anayeuliza hujibiwa kutoka kwenye faharasa hiyo. Tovuti isiyokuwemo humo, hata ikipendeza namna gani, kwa mtafutaji haipo.

Tovuti yao ilijengwa kwa WordPress. Ndani ya mipangilio yake, upande wa usomaji, kuna kisanduku kidogo kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi ili kazi ambayo haijakamilika isionekane na watu, na siku ya kukabidhi mara nyingi hakuna anayekumbuka kurudi pale. Tiki ilikuwa bado ipo. Kikundi kilikuwa kama mwenye duka aliyejaza bidhaa, akawasha taa, na kufuli la nje likabaki limefungwa. Niliiondoa mbele ya mzee, nikasajili tovuti kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google, nikaikabidhi ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zote. Hazikuonekana siku hiyo hiyo. Zilipita wiki ndipo kurasa zikaanza kuingia moja moja. Tangu hapo, kila anayekuja kwangu akilalamika haonekani, naangalia kisanduku kile kabla hatujazungumza bei, na nimewakuta wengi wameumia kwa jambo hilo hilo.

Kuingia kwenye faharasa ni mlango tu. Baada ya hapo niliisoma tovuti yenyewe, nikakuta karibu kila kitu kimeandikwa ndani ya picha. Nawaomba wafanyabiashara wenzangu wanisikilize sana hapa, kwa sababu ugonjwa huu ni wetu sote Tanzania. Tumezoea mabango ya kwenye WhatsApp na Instagram: picha ya dumu, maandishi ya rangi, bei kwenye nyota nyekundu, namba ya simu chini. Bango hilo linafaa sana kwenye hali ya WhatsApp. Likiwekwa kwenye tovuti peke yake, programu inayosoma kurasa inaona faili la picha lenye jina kama IMG na tarakimu, bila neno alizeti, bila Singida, bila bei. Tena kila picha ilikuwa imetoka kwenye simu ilivyo, nzito, na ukurasa mmoja ulikuwa na picha kama hizo kwa safu. Mteja wa Kiomboi mwenye bando la siku hasubiri, anafunga. Google nayo inajali hilo: Aprili 2015 ilianza kuzipendelea, kwa wanaotafuta kwa simu, kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu, na miaka iliyofuata ikaongeza kasi ya kufunguka miongoni mwa mambo inayoyaangalia. Kwa nchi ambayo watu wake wengi huingia intaneti kwa simu, hilo si jambo la pembeni.

Tukapunguza uzito wa picha, tukazipa majina yanayoeleweka na maelezo mafupi ya kila moja, tukaandika kwa maneno yote yaliyokuwa ndani ya mabango. Halafu tukaangalia vichwa vya kurasa, ule mstari unaoonekana wa bluu kwenye majibu ya Google. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa kinachosema "Karibu". Wa pili, "Kuhusu Sisi". Wa tatu, "Bidhaa". Hakuna mtu duniani anayetafuta mafuta ya kula kwa kuandika neno karibu.

Sasa tuandike nini? Vijana wa kikundi walitaka maneno makubwa: ubora wa kimataifa, kampuni inayoongoza, huduma bora kwa wateja. Mimi nikamwendea mweka hazina, mama ambaye ndiye aliyekuwa akishika simu ya kikundi. Nilimwomba anunue daftari la kurasa mia, na kila mtu akipiga, aandike swali lake kama alivyolisema, bila kulinyoosha. Aliona ni kazi ya ajabu, lakini alikuwa na mwandiko mzuri na subira, akaifanya msimu mzima.

Daftari lile lilinipa yote niliyohitaji. Dumu la lita 20 bei gani leo? Yamechujwa au ni ghafi? Mmechanganya na mawese? Mbona mafuta niliyonunua mwaka jana yalitoa povu kikaangoni? Mnatuma Mwanza? Nikituma pesa kwanza nitajuaje kama si matapeli? Mashudu mnayo? Gunia la alizeti linatoa lita ngapi? Na swali moja lililojirudia kutoka Njombe, Mbeya na Arusha, hasa miezi ya Juni na Julai: mafuta yenu yanaganda?

Swali la kuganda tulilifanyia kazi vizuri kuliko mengine. Katika miji ya baridi mafuta ya mawese huganda kwenye chombo, na watu wengi wamejifunza kutofautisha mafuta kwa dalili hiyo. Mafuta ya alizeti hubaki majimaji. Lakini ambayo hayajapita kiwandani kusafishwa kikamilifu yanaweza kuonekana na ukungu kwenye baridi, kwa sababu ya nta inayotoka kwenye maganda ya mbegu, na mteja asiyelijua hilo hudhani ametapeliwa. Mzee fundi wa mashine alilijua jambo hilo vizuri kwa miaka yake ya kukamua. Alikaa kwenye gunia pale stoo, akanieleza polepole, mimi nikaandika: kwa nini mbegu ikaushwe vizuri kabla ya kukamuliwa, kwa nini mafuta yaachwe yatulie ili mashapo yashuke, kwa nini unyevu ulioachwa ndani ndio unaoleta povu jikoni. Tukaweka picha mbili alizopiga kijana wake, dumu moja lenye ukungu asubuhi na dumu hilo hilo baada ya kukaa juani. Kichwa cha ukurasa kikawa swali lenyewe kama wateja walivyoliuliza: Je, mafuta ya alizeti yanaganda wakati wa baridi?

Ukurasa huo ndio uliokuwa wa kwanza kupanda. Sababu naielewa. Swali lilikuwa la kweli, lilikuwa kwenye midomo ya watu wengi, na hakuna aliyekuwa amelijibu kwa Kiswahili kwa urefu na kwa ujuzi. Injini ya utafutaji inafanya kazi ya kulinganisha: mtu ameuliza nini, na ni ukurasa gani unaoelekea kumtosheleza. Ukiwa na jibu ambalo wengine hawana, hushindani na mtu.

Hapo ulizuka mjadala wa lugha, na ulikuwa mkali. Baadhi ya wanakikundi walitaka tovuti yote iwe ya Kiingereza. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Juni 2021 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Singida kukutana na wadau wa alizeti, mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu ikawekwa mbele katika mpango wa kuongeza uzalishaji, na kila mtu alikuwa akizungumzia wawekezaji. Mwaka uliofuata vita ya Ukraine ikapandisha bei ya mafuta ya kula duniani, na ndoto za kuuza nje zikakua. Mwenyekiti akaniuliza nionavyo.

Nilimwonyesha kwenye skrini badala ya kubishana. Nikaandika mafuta ya alizeti kwa Kiingereza, ikaja dunia nzima: Ukraine, Urusi, Argentina, makampuni yenye meli zao, maduka makubwa ya Ulaya, tovuti za afya za Marekani. Kisha nikaandika kwa Kiswahili na kuongeza jina la Singida. Zilikuja habari za magazeti, hotuba, matangazo ya zamani yenye namba zisizopatikana, na wauzaji wachache. Mzee alitazama kwa muda, akasema, "Hapa kuna nafasi ya kukaa." Nafasi hiyo naiona bado ipo, na si kwa alizeti peke yake. Kiswahili kina wasomaji wengi sana na kurasa chache zilizoandikwa kwa uangalifu juu ya mambo ya kazi: kilimo, mifugo, ufundi, bei, sheria za biashara. Nasikitika ninapoona mtu wa Manyoni mwenye asali safi ya kichaka cha Itigi akiandika Kiingereza cha kunakili ambacho mteja wake wa Morogoro hatakisoma na mnunuzi wa Ujerumani hatakiona. Tuliweka ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa ajili ya wageni, wenye vipimo na namna ya kuwasiliana, na mengine yote yakabaki Kiswahili.

Mahali napo pana habari yake. Watu wengi humalizia utafutaji wao kwa jina la mahali: Singida mjini, Ikungi, Mkalama, karibu na mimi. Kwa hayo Google hutegemea sana ramani yake na wasifu wa biashara, ambao ni bure. Tatizo letu la miaka mingi lilikuwa uthibitisho. Google ilikuwa ikituma kadi ya posta yenye tarakimu 5, na kadi hiyo haikutumwa kwenye sanduku la posta, wakati sisi huku anwani zetu zilikuwa S.L.P. tu. Nyumba haikuwa na namba wala mtaa haukuwa na kibao. Tukielekezana tulisema ukipita kituo cha mafuta, mbele ya mwembe, uliza kwa muuza mkaa. Mambo mawili yalitusaidia: Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyoweka majina ya barabara na namba za nyumba hadi mitaa yetu, na utaratibu mpya wa Google wa kuthibitisha kwa video. Kijana wa kikundi alitembea na simu kuanzia barabara kuu, akaonyesha kibao cha barabara, bango la kikundi, mlango, mashine ikiwa inazunguka na mzee akiwa amesimama nayo. Ikakubaliwa.

Namba ya simu iliyoandikwa kwenye ramani, kwenye tovuti na kwenye Facebook iwe ile ile moja. Biashara nyingi za hapa zina namba nne mahali panne, mbili zimekufa. Mteja akipiga ikawa haipatikani, hajaribu tena.

Halafu kuna viungo kutoka tovuti nyingine. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, fikra yao kubwa ilikuwa kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine zenye heshima unastahili kupanda juu. Mambo mengi yameongezwa tangu hapo, lakini hiyo haijafa. Na hapa ndipo matapeli walipojenga makao. Barua pepe zinamiminika kila wiki: tutakupeleka ukurasa wa kwanza ndani ya siku chache, tutakupa viungo elfu moja kwa bei ya chini. Mweka hazina alizileta kwangu akiwa na matumaini, na nilimsihi asitume hata shilingi. Viungo hivyo hutoka kwenye tovuti za takataka zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na tangu Aprili 2012 Google imekuwa ikizishusha tovuti zinazonunua viungo vya namna hiyo. Kikundi kidogo kilichochanga pesa za mauzo ya mashudu hakiwezi kumudu kuadhibiwa kwa jambo ambalo hata hakikulielewa.

Viungo vya kweli tulivitafuta kwa miguu. Tulikwenda halmashauri, kwa ofisa habari, tukaomba kikundi kitajwe pamoja na tovuti yake kwenye habari iliyokuwa ikiandikwa kuhusu viwanda vidogo. Tulikwenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Agosti kikundi kilipopanga banda kwenye maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kati, pale Nzuguni, Dodoma, tuliandaa karatasi moja kwa ajili ya waandishi wa habari, yenye maelezo sahihi, majina yaliyoandikwa vizuri na anwani ya tovuti chini. Mwandishi aliyechoka na jua anashukuru sana kupewa karatasi ya namna hiyo. Habari chache zilizotoka na kiungo ndani yake zilikuwa na thamani kuliko maelfu yale ya kununua.

Ukurasa uliotuletea simu nyingi zaidi, hata hivyo, ni ule wa bei. Bei ya alizeti na ya mafuta haitulii. Wakati wa mavuno, kuanzia Mei hadi Julai, mbegu zimejaa na bei iko chini. Ikifika Januari na Februari stoo zimepungua na bei imepanda. Watu wanaitafuta kila siku, mkulima wa Sepuka kwa sababu anataka kujua auze au asubiri, mama lishe wa Dodoma kwa sababu anapanga matumizi yake. Tulikubaliana kwamba bei itaandikwa upya kila Jumatatu, na tarehe juu, hata kama haikubadilika. Wapo waliopinga, wakisema tukitangaza bei washindani wataiona. Mwenyekiti aliwajibu kwamba washindani wanaijua tayari, asiyeijua ni mkulima. Nilimheshimu sana kwa neno lile. Ukurasa ukafunguka kwa wakulima na wanunuzi sawasawa, na watu walipozoea kuukuta ukiwa mpya kila wiki, wakaanza kuutumiana kwenye makundi yao ya WhatsApp.

Siku hizi mambo yamesogea tena. Mei 2024 Google ilianza, huko Marekani, kuweka juu ya orodha majibu yaliyotungwa na akili bandia yake, na mtu anaweza kusoma jibu akaondoka bila kufungua tovuti yoyote. Wenzangu wa kazi hii wana hofu, na nawaelewa. Lakini mashine hiyo nayo hula kilichoandikwa. Ikiulizwa kwa Kiswahili kuhusu alizeti na ikakuta sisi wa Singida hatujaandika kitu, itachukua ya wengine, walioandika kuhusu mbegu nyingine, mvua nyingine na soko jingine, na mkulima wa Ihanja atapewa ushauri wa nchi ambayo hajawahi kuiona. Hilo ndilo linalonifanya niwasukume vijana wanaokuja kujifunza kwangu waandike kwanza juu ya wanachokijua, wa Mkalama juu ya vitunguu, wa Manyoni juu ya korosho na asali, kabla ya kuniuliza habari za rangi na vitufe.

Ukurasa tunaouandaa sasa ni wa mashudu. Wafugaji wa kuku wa Kibaha na Chalinze wamekuwa wakipiga kuuliza kama mashudu ya mashine zetu, ambayo hubaki na maganda mengi, yanafaa kuku wa mayai au yaende zaidi kwa ng'ombe. Maganda yana nyuzi nyingi na ng'ombe huzimudu kuliko kuku. Mweka hazina anataka tulieleze hilo waziwazi, hata kama litatupunguzia wateja wa kuku. Ofisa mifugo wa kata amekubali kuyapitia maandishi, na fundi wa mashine anatafuta gunia la mashudu la kupiga picha ambalo halijaloa mvua.